Punda si maksai: mnyama wa jamii ya farasi kwenye shamba la familia

Mkulima mwenye eka mbili tatu huko Kirinyaga, Kondoa au Singida hafugi farasi, na sababu si bei peke yake. Afrika kusini mwa Sahara ina homa ya farasi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi. Kati ya farasi kumi wasio na chanjo wanaopatwa na aina yake kali, tisa huweza kufa. Ukiongeza nagana inayoletwa na mbung'o, utaona kwa nini farasi wa kazi wamestawi kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama za Ethiopia na Lesotho, kuliko huku kwetu. Punda virusi hivyo humwingia na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, sawa na pundamilia. Ni mwenyeji: alianza kufugwa kaskazini mashariki mwa Afrika, takriban miaka 7,000 iliyopita.

Kwa hiyo kazi ambazo kwingineko zilifanywa na farasi, yaani kuteka maji, kusomba samadi, kupeleka mazao sokoni na kupalilia, hapa zimemwangukia punda. Na shida inaanzia hapo, kwa sababu elimu ya mifugo aliyo nayo mkulima wetu ni elimu ya ng'ombe. Anajua nira, josho, mabua, sindano ya minyoo, na chupa ya kumnywesha mnyama dawa. Mambo hayo matano yakihamishiwa kwa punda kama yalivyo humdhuru, na mengine humuua. Punda ana mwili wa farasi, kuanzia kifua mpaka utumbo.

Nguvu iko kifuani

Ng'ombe wa kienyeji ana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu ile na kusukumwa nayo. Punda hana nundu. Pale juu ya mabega yake pana ncha za mifupa ya uti wa mgongo, na juu ya mifupa ile ni ngozi na nyama kidogo sana. Gogo la nira likikaa hapo hupiga mfupa kila hatua, na mzigo ukiwa mzito huteleza mbele likaminya koo. Matokeo ni kidonda cha juu ya bega kinachochimba kwenda chini, kinachotoa usaha, na kisichopona kwa dawa yoyote maadamu nira inarudi kila asubuhi.

Punda husukuma kwa kifua. Kifaa kinachomfaa ni mkanda wa kifuani, wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, unaozunguka mbele ya kifua na kushikiliwa na kamba nyepesi inayopita juu ya shingo. Mahali pake ni pembamba: chini ya pale koo linapoingia kifuani, na juu ya kile kifundo cha bega kinachojitokeza mbele. Ukipanda sana unamkaba. Punda anayekoroma akivuta mzigo mdogo, mara nyingi ni mkanda umepanda. Ukishuka sana unazuia mguu wa mbele, naye atatembea kwa hatua fupi fupi, watu waseme ni mvivu. Kiganja kilicholala bapa kinapaswa kupita kati ya mkanda na ngozi.

Kitambaa ni muhimu kuliko mapambo. Turubai la pamba lililokunjwa mara tatu au nne na kushonewa blanketi kwa ndani linafaa. Ngozi laini inafaa. Mikanda ya usalama ya magari mabovu ni nzuri sana, kwa kuwa ina nguvu na kingo zake hazikati. Iwekwe miwili kwa ubavu, ishonewe juu ya pedi. Kamba ya katani au ya nailoni hukata ngozi, na mpira wa tyubu ukigusa mwili hushika jasho na kung'oa nywele. Pedi ioshwe na kukaushwa, maana chumvi ya jasho ikikauka hugeuka msasa.

Sehemu ya pili ni tandiko la mgongoni, linalobeba mikono ya mkokoteni. Liwe na mito miwili iliyojazwa nyasi kavu, mmoja kila upande, na katikati pabaki mfereji wa upana wa vidole vinne. Uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote. Gunia moja lililokunjwa na kutupwa mgongoni halitoshi, kwani uzito wote unashukia mfupa uleule.

Sehemu ya tatu ndiyo inayokosekana kwenye mikokoteni mingi kuliko zote: mkanda wa nyuma, unaozunguka matako kati ya shina la mkia na goti la nyuma, na kufungwa kwenye mikono ya mkokoteni. Huo ndio breki. Bila huo, njia ikiteremka mkokoteni unakuja mbele na kumgonga miguu, au punda anajaribu kuuzuia kwa kamba ya shingoni. Ajali nyingi za mteremkoni ambazo lawama zake hupewa punda zina chanzo hicho.

Mkokoteni wenyewe wa magurudumu mawili una siri moja, nayo ni mizani. Mzigo ukae juu ya ekseli, uegemee mbele kidogo tu. Kipimo ni rahisi: mkokoteni ukiwa umepakiwa na punda hajafungwa, mtu mmoja aweze kuinua ncha za mikono kwa mkono mmoja bila kukaza mwili, uzito wa kilo 5 hadi 10. Ukishindwa kuinua, mzigo uko mbele mno na punda atabeba huku anavuta. Mikono ikiruka juu yenyewe, mzigo uko nyuma, na mkanda wa tumboni utamnyanyua. Mchanga na matofali hukaa yanapowekwa. Madumu ya maji yasiyojaa hucheza na kuhamisha uzito kila kona, kwa hiyo ni afadhali kujaza manne kuliko kupakia sita nusunusu.

Punda wawili wanaovuta pamoja kila mmoja awe na mkanda wake wa kifuani, na kamba zao zifungwe kwenye mti wa kusawazisha unaocheza katikati. Zikifungwa moja kwa moja kwenye mkokoteni, yule mwepesi wa hatua atavuta peke yake siku nzima.

Uzito: pima kabla ya kupakia

Hakuna mzani kijijini, lakini kamba na futi ya fundi cherehani zinatosha. Zungusha kamba nyuma ya miguu ya mbele, juu kidogo ya kiwiko, akiwa ametoa pumzi. Kifua cha sentimita 110 ni punda wa kama kilo 117. Sentimita 115 ni kama kilo 132, na 120 ni karibu 148. Punda wetu wengi huangukia humo.

Mgongoni abebe takriban theluthi ya uzito wake. Kwa punda wa kilo 130 hiyo ni kilo 43, maana yake madumu mawili ya lita 20, moja kila upande. Madumu manne, jinsi inavyozoeleka, ni kilo 80, zaidi ya nusu ya mwili wake, na ndiyo maana punda wa maji wengi wana migongo iliyopinda. Kwenye mkokoteni wenye beringi nzima na matairi yaliyojazwa upepo, njia ikiwa tambarare, anaweza kuvuta mara mbili ya uzito wake, pamoja na uzito wa mkokoteni wenyewe. Huyohuyo wa kilo 130 atavuta kilo 260 hivi. Kwenye tope, mchanga au mlima punguza nusu. Anayetaka kufanya kazi nyingi kwa punda mmoja atumie pesa zake kwenye beringi kabla ya kununua fimbo.

Shambani hesabu ni nyingine. Mnyama wa kazi anaweza kuendelea kuvuta kwa nguvu ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwa saa kadhaa. Kwa punda wa kilo 130 huo ni mvuto wa kilo 13 hadi 20. Plau ya kawaida kwenye udongo wa wastani inadai kama kilo 100. Hesabu haitoki: punda wawili hawalimi kwa plau ya maksai, na wakilazimishwa watasimama. Wanne kwenye udongo wa kichanga uliolowa wanaweza. Palizi ndiyo kazi yao. Kipalilio chepesi cha meno matatu kinahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo, na punda mmoja mwembamba hupita kati ya mistari ya mahindi ya sentimita 75 bila kuvunja mmea, akigeuka mwisho wa shamba pasipo kupoteza mistari miwili kama wanavyofanya maksai. Mvalishe kifuko cha mdomoni kilichosukwa kwa kamba, la sivyo atavuna huku anapalilia. Aanze saa 12 asubuhi, saa 4 awe kivulini.

Hatamu ya kamba laini inatosha kumwongoza. Lijamu za waya zinazotengenezwa mitaani hukata ulimi na hazimfanyi asikie zaidi. Punda akiogopa husimama, farasi hukimbia. Kwenye daraja jembamba au dimbwi asilolijua anachunguza kwanza, na kumpiga hapo humthibitishia kwamba mahali pale pana hatari. Mwache aangalie, au mtangulize mwenzake.

Tumbo lisilocheua

Ng'ombe huvundisha chakula tumboni kabla hakijafika kwenye utumbo. Punda, kama farasi, hukivundisha mwishoni, kwenye utumbo mpana. Tofauti hiyo ina matokeo manne ya kila siku.

La kwanza, anahitaji kula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Chakula kikavu cha kilo 2 hadi 3 kwa siku kinamtosha punda wa kilo 130 anayefanya kazi, na kiwe cha nyuzinyuzi: nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani ya mpunga, na marando ya viazi kwa kiasi. Kumfunga kutwa nzima bila chochote na kumwagia ndoo ya pumba jioni ni njia ya uhakika ya kumwumiza tumbo. Pumba na nafaka ziwe nyongeza ya konzi chache.

La pili, na hili ndilo linaloua kimyakimya: mahindi yenye kuvu. Kila msimu wa mvua ndefu kuna magunia yaliyoharibika, na desturi ni kwamba kisicholiwa na watu wapewe mifugo. Kuvu wa jamii ya Fusarium wanaoota kwenye mahindi hutoa sumu iitwayo fumonisini. Ng'ombe huistahimili kwa kiasi kikubwa. Kwa farasi na punda sumu hiyo huyeyusha sehemu za ubongo: mnyama anapoteza mwelekeo, anazunguka duara au kukandamiza kichwa ukutani, na huweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Tiba hakuna. Mara nyingi familia huamini amerogwa au amelishwa sumu na jirani, kumbe sumu ilitoka kwenye ghala lao.

Sambamba na hilo, chakula cha dukani cha kuku na baadhi ya vile vya ng'ombe huwekwa dawa iitwayo monensini. Kiasi kisichomsumbua ndama kinaharibu moyo wa punda. Asipewe, hata mabaki ya kwenye kihori.

La tatu ni maji. Punda anaweza kukaa na kiu kuliko wanyama wengi wa shambani, na akifika majini akarudisha alichopoteza kwa dakika chache. Uwezo huo umemponza, maana watu wamehitimisha kuwa hahitaji. Anayefanya kazi juani anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, safi, kwani yaliyochafuka huyakataa hata akiwa na kiu. Akikosa maji huku anakula mabua makavu, chakula hukwama kwenye utumbo na huo ndio mwanzo wa msokoto wa tumbo. Farasi mwenye msokoto hugaagaa na kupiga teke tumbo lake, kila mtu akaona. Punda huinamisha kichwa na kuacha kula, basi. Kwa hiyo punda aliyesusa chakula kutwa nzima ni mgonjwa wa kuitiwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hasa akiwa mnene au ana mimba, kwa sababu akifunga kula mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na kuharibu ini.

La nne, hatapiki, na hapaswi kunyweshwa kwa chupa. Mafuta ya kula, magadi na soda vinavyomiminwa kinywani kichwa kikiwa kimeinuliwa, kama afanyiwavyo ng'ombe aliyevimbiwa, huishia kwenye mapafu. Daktari anayo mipira ya kupitisha puani hadi tumboni.

Dawa za ng'ombe na mwili wa punda

Amitraz, dawa ya kupe iliyojaa kwenye majosho na mabomba ya kupulizia, huzuia mwendo wa utumbo wa farasi na punda. Siku chache baada ya kuogeshwa mnyama hupata msokoto, na hakuna anayekumbuka josho. Soma kibandiko: kikiandikwa amitraz, punda abaki nje ya foleni. Kupe wake wang'olewe kwa mkono masikioni na chini ya mkia, au zitumike dawa za kundi la pirethroidi kwa kipimo atakachotoa daktari.

Ivermectin inafanya kazi vizuri dhidi ya minyoo yake, ila itolewe kwa mdomo, ile ya uji inayotengenezwa kwa ajili ya farasi. Sindano ya ng'ombe ikichomwa kwenye msuli wa punda imewahi kuleta uvimbe mkubwa na maambukizi ya hatari.

Pepopunda huwapata wanyama wa jamii ya farasi kwa wepesi kuliko mifugo mingine. Msumari kwenye wayo unatosha. Taya hukaza, masikio husimama, mkia huinuka, na utando mweupe hujitokeza kwenye kona ya jicho. Chanjo ipo, bei yake ni ndogo ukilinganisha na punda mpya, na ni ajabu jinsi wachache wanavyoiulizia.

Vidonda vya matandiko visipakwe mafuta machafu ya injini wala maji ya betri. Chemsha lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, acha yapoe, osha mara mbili kwa siku, kisha ondoa kilichokata. Sehemu ya mwisho ndiyo tiba. Zilizotangulia ni msaada tu.

Na tahadhari moja ya watu: punda anayeshindwa kumeza na kutokwa mate usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Huenda ni kichaa cha mbwa.

Kwato

Kwato za punda ni ndogo na zimesimama wima kuliko za farasi. Wayo uchokonolewe kila jioni, mawe yatoke, na kila wiki 6 hadi 10 ukingo upunguzwe kwa koleo na tupa. Anayepita lami kila siku hujipunguza mwenyewe, tena wakati mwingine kupita kiasi. Anayeshinda kwenye shamba laini kwato hurefuka na kupinda mbele kama ncha ya kiatu, na mishipa ya mguu huvutika. Usikate wayo wenyewe. Ile sehemu laini yenye umbo la V katikati ikinuka na kutoa weusi, boma lina unyevu: inua sakafu, badilisha nyasi.

Kununua na kutunza uzao

Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kunyonyesha miezi 6. Apumzishwe kazi nzito miezi mitatu ya mwisho na mitatu ya kwanza baada ya kuzaa. Kwa hali nzuri atatoa mtoto mmoja kila mwaka mmoja na nusu au miwili, na mtoto huyo asifungwe mkokoteni kabla ya miaka mitatu. Huo mwendo wa polepole ndio unaoeleza kilichotokea baada ya Kenya kuruhusu machinjio ya punda mwaka 2012 kulisha soko la ngozi la China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ya 2019 ilikuta chini ya milioni 1.2. Wizi wa usiku ukaenea na bei ikapanda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakapitisha marufuku ya bara zima ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Punda alale ndani ya boma linalofungwa.

Bei ikiwa hivyo, mnunuzi ana haki ya kuchukua muda. Fungua mdomo: meno ya mbele ya kudumu huanza kutoka katikati akiwa na miaka miwili na nusu, na mdomo hujaa anapofika mitano. Pitisha kiganja kifuani, juu ya mabega na kando ya uti wa mgongo. Nywele nyeupe ni makovu ya matandiko, na ngozi inayorukaruka ukiibonyeza inauma bado. Inua miguu yote minne. Uliza kama ana mwenzake, kwa kuwa punda aliyetenganishwa na rafiki yake wa miaka huweza kususa chakula, na wakati mwingine kununua wawili ni nafuu kuliko kumpoteza mmoja. Mwishoni mwombe muuzaji amfunge kwenye mkokoteni wenye mzigo mdogo, kisha amrudishe kinyumenyume hatua tano. Punda mwenye mgongo mbovu atakwenda mbele bila tatizo. Kurudi nyuma ndiko kutakakomfichua.